Uhusiano na Marehemu

Bunduki haiuzwi kama kuku. Kuku unamfunga miguu, unampeleka sokoni kichwa chini, anayemtaka anampapasa kidari na mambo yanaisha. Bunduki ina cheti, na cheti kina picha ya mwenyewe na alama za vidole vyake. Mwenyewe akifa, bunduki inabaki mjane: haiwezi kwenda popote mpaka ukoo na serikali waelewane. Hayo niliyajua baba alipofariki. Ningependa kusema niliyajua kwa heshima, lakini niliyajua kwa haraka na kwa uongo wa neno moja. Neno lenyewe niliandika kwa mkono wangu, mwandiko safi wa karani.

Mimi ni karani wa shule upande wa Awendo. Siku nzima najaza fomu, nagonga mihuri, nawakaripia wazazi waliosahau nakala ya kitambulisho. Nyumbani kwetu ni Homa Bay, karibu na ziwa, na kwa kuwa mimi ndiye kifungua mimba, kila karatasi ya ukoo huletwa kwangu. "Mpe huyo, anajua makaratasi," ndivyo wasemavyo, tangu hati za shamba hadi barua za mahari. Sifa ikizidi hulevya, na mimi nilikuwa nimelewa miaka mingi.

Baba alikuwa na bunduki ya mitutu miwili. Aliipata kihalali, kwa maombi marefu, wakati viboko walipokuwa wakitoka ziwani na kumaliza mahindi yetu kwa usiku mmoja. Hakuwahi kumpiga kiboko hata mmoja, maana sheria haikumruhusu na mkono wake haukutaka. Alifyatua hewani. Viboko wenyewe walimzoea. Mlio ukisikika waliinua vichwa, wakamtazama, wakaendelea kula. Sisi watoto tulicheka hadi tukakaa chini. Yeye aliisafisha bunduki yake kila Jumamosi na kila mara alienda kuhuisha cheti chake kabla siku hazijaisha.

Mama, mke wake mkubwa, ni mtu wa kanisa. Siku bunduki ilipoletwa alisimama mlangoni kwake akasema chuma cha kuua hakitalala nyumba moja na Biblia yake. Baba hakubishana. Alichukua sanduku la chuma, akalivusha ua, akalifunga kwa misumari mikubwa kwenye ukuta wa nyumba ya upande wa kulia, nyumba ya mke wake wa pili. Ufunguo akampa huyo, naye akautia uzi akauvaa shingoni, ndani ya nguo. Tangu siku hiyo, baba akitaka bunduki yake mwenyewe, ilimbidi aombe.

Huyo mke wa pili ndiye mama mdogo. Ni Mkuria, wa upande wa Kehancha. Baba alikutana naye zamani alipokuwa dereva wa malori ya miwa, akamwoa kwa ng'ombe, si kwa karatasi. Alipofika kwetu hakujua Kijaluo hata salamu. Miaka yake ya kwanza aliishi kwa Kiswahili: alinunua samaki kwa Kiswahili, aligombana na mawifi kwa Kiswahili, aliombea chakula kwa Kiswahili mbele ya watu waliomcheka. Mungu alimpa mtoto mmoja, akamchukua kabla hajatambaa. Hakupata mwingine. Basi sisi watoto wa mama tukawa mzigo wake na starehe yake.

Nilipoenda shule ya bweni, mama alikuwa amelazwa na kitinda mimba wetu. Mama mdogo ndiye aliyenipeleka. Alibeba godoro langu kichwani kutoka barabarani hadi bwenini, akalishusha mbele ya matroni, akafuta jasho. Matroni akauliza, "Wewe ndiye mama yake?" Akajibu ndiyo, bila kufikiri, na mimi nikamwita mama mbele ya wasichana wote. Sikusema mdogo. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilifunzwa na mama wawili, na bado ulimwengu ulikuwa na kazi.

Baba alipofariki, sisi tulikuwa tukilia na kupigiana simu. Mama mdogo alikuwa akilia pia, lakini katikati ya kilio alikumbuka chuma. Alisema boma litajaa watu wasiojulikana, na bunduki haiwezi kukaa nyumba ya matanga. Akatuma ujumbe kituoni. Askari wawili wakaja na gari, akafungua sanduku mbele yao, akawakabidhi bunduki, risasi na cheti, kisha akapanda gari lao akaenda nao ili aone ikiandikwa. Jina lake likaingia katika kitabu cha matukio cha kituo, kwamba silaha imeletwa na fulani. Hakuna kati yetu aliyefikiria jambo hilo. Kwa kweli tulimsahau hata kumshukuru.

Miezi ikapita. Kituoni tukaambiwa tuamue: bunduki iende kwa mtu aliyekwisha kuruhusiwa kumiliki, au tuiachie serikali kabisa. Tukakaa kikao. Ndugu zangu wawili hawakuitaka. Wa tatu aliitaka, na huyo ndiye ambaye sote hatukutaka aipate. Ana hasira za mchana na pombe za jioni. Ndipo mama mdogo, aliyekuwa amekaa karibu na mlango kama kawaida yake, akasema kaka yake wa Kehancha amesumbuliwa na wezi wa ng'ombe, ameomba kibali, amechunguzwa, amekubaliwa, na sasa anatafuta bunduki yenyewe. Tukapumua. Mnunuzi akapatikana hivyo, kwa mdomo wake yeye.

Kaka yake mama mdogo ni mjomba wangu. Nilikuwa nimemwona mara tatu au nne, kwenye mazishi na harusi, mzee mrefu wa koti zito hata jua likiwaka. Nilimpigia simu. "Karibu, mpwa wangu," akasema. "Wewe leta makaratasi tu. Mimi kwangu iko tayari."

Makaratasi yenyewe yakaanza kuzaana. Bunduki ilikuwa inatoka kaunti ya Homa Bay kwenda ya Migori, kwa hiyo kituo cha huku kiandikie kituo cha huko, na cha huko kijibu. Cheti cha kifo. Cheti cha baba cha kumiliki. Cheti cha mnunuzi. Barua ya chifu inayotaja familia ya marehemu. Hati ya kiapo ya familia kwamba tumekubali kuuza. Mimi nilinunua faili ya plastiki ya kijani, nikaipanga yote kwa vibandiko, na nasema ukweli, nilijisikia mtu muhimu sana.

Mwalimu mkuu alinipa ruhusa ya siku mbili. Siku ya kwanza nilikwenda kwa chifu. Chifu wetu alikuwa likizoni na aliyekaa kiti chake alitoka eneo jingine, hakutujua. Aliniuliza majina ya watoto, nikamtajia. Kisha akauliza, kalamu ikiwa juu, "Wajane wangapi?"

Nitaeleza kilichopita kichwani mwangu, maana kilipita chote, hakikukosa kitu. Nikisema wawili, wote wawili watatakiwa kufika na vitambulisho. Kitambulisho cha mama mdogo kina jina la baba yake, hakina la baba yetu. Cheti cha ndoa hana. Itabidi barua itoke kwa chifu wa kwao Kuria, ikubali kwamba aliolewa, ndipo huyu naye aandike. Wiki nyingine, pengine mbili. Na cheti cha ndoa ya kanisa cha mama kilikuwa kwenye faili yangu ya kijani, kimebandikwa kibandiko.

"Mmoja," nikasema.

Jioni nilimsomea mama barua. Alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo. Nilipofika pale pasemapo ameacha mjane mmoja, mkono wake ulisimama kidogo. Akasema, "Sawa." Kisha akaendelea kutupa mawe. Niliifurahia ile sawa. Nilijiambia mama ameelewa kwamba ni mambo ya ofisi tu.

Siku ya pili ndiyo siku yenyewe. Kituoni waliniambia kuna upungufu: yule aliyeleta silaha, ambaye jina lake limo kitabuni, lazima naye aape kwamba aliileta kwa hiari, ikiwa nzima, na hana dai juu yake. Nikampigia mama mdogo simu, aje mjini. Nikingoja, nikaketi kwenye benchi la nje nikaanza kuijaza fomu ya kiapo chake. Jina. Nambari ya kitambulisho. Makazi. Halafu mstari ukauliza uhusiano na marehemu.

Mkono wangu haukusita kama ninavyotamani ungesita. Nikiandika mke, fomu hii itagongana na barua ya chifu, na kazi ya jana itaoza. Nikiandika ndugu, wataniuliza ni ndugu wa upande gani ilhali jina lake ni la Kikuria. Nilikuwa nimeanza na uongo mdogo, na wa pili ulikuja wenyewe kuusaidia wa kwanza. Nikaandika jirani. Ni kweli nyumba yake iko jirani na ya mama, nikajitetea. Karani mzuri hakosi utetezi.

Mama mdogo alifika akiwa amevaa gauni lake la buluu la sherehe, kwa sababu anakwenda ofisini. Tulipanda ngazi hadi kwa wakili, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kwa kuwa mama mdogo hasomi, sheria ilimtaka wakili amsomee kwa lugha anayoielewa kabla hajaweka kidole. Wakili hakuwa mtu wa kwetu. Akasoma kwa Kiswahili, polepole, kwa sauti ya kanisani. "Mimi, mtu mzima mwenye akili timamu, mkazi wa Homa Bay, na jirani wa marehemu, naapa na kusema..." Nilitazama kalenda ukutani. Ilikuwa na picha ya ng'ombe wa maziwa, na nilimhesabu yule ng'ombe chuchu zake zote.

"Umeelewa, mama?" wakili akauliza.

"Nimeelewa," akasema mama mdogo.

Akabonyeza kidole gumba kwenye wino, akabonyeza kwenye karatasi, akakitazama. Alama ilikuwa imetoka vizuri, mistari yote. Aliniuliza kama amebonyeza sawasawa nikamwambia sawasawa kabisa. Tuliposhuka ngazi akajifuta wino kwa ncha ya leso, akaninunulia njugu za kukaanga za kula njiani, kwa sababu anajua nikisafiri na njaa kichwa huniuma. Nilizila zote.

Wiki iliyofuata gari la polisi lilipeleka bunduki Kehancha, kituo kwa kituo, na mimi nikafuata na faili yangu. Mjomba alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi, koti limefungwa vifungo vyote, makaratasi yake kwenye mfuko wa nailoni. Alinisalimu kwa mikono miwili. Aliniuliza habari za watoto, za kazi, za mama, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na dada yangu? Anakula vizuri tangu mzee aende?" Nikasema anakula. Sikujua kama anakula.

Afisa aliyeshughulikia mambo ya silaha alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye miwani shingoni. Alituita ndani, akapitia faili, akasema yuko radhi, imebaki mnunuzi asome na atie sahihi. Nilidhani mjomba atatia sahihi tu, kama watu wote wanavyofanya. Sikujua kwamba alikuwa amelima tumbaku miaka ishirini na kitu. Wakulima wa tumbaku wamesaini mikataba mingi mno, na mikataba imewafunza kusoma kila neno, hata lile dogo la chini. Alivaa miwani. Aliweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akaanza.

Alisoma cheti cha kifo. Alisoma barua ya chifu, akarudia mahali fulani. Akafika kwenye kiapo cha mama mdogo. Kidole kikasimama.

"Huyu jirani ni nani?" akauliza.

Nikajua hapo hapo. "Mjomba, hiyo ni njia tu ya kufanya mambo iende haraka. Unajua vile ofisi ziko."

"Usiniite mjomba." Hakupaza sauti. "Soma hapa wewe mwenyewe, wewe ndio umesoma. Hapa unasema dada yangu ni jirani yenu. Sasa kama yeye ni jirani, mimi ni mjomba ya nani?"

Afisa alikuwa akitazama kalamu yake.

"Baba yako alileta ng'ombe kwetu," mjomba akaendelea. "Mimi mwenyewe ndio nilifungua zizi wakaingia. Nilikuwa kijana. Walikuja na wazee wenu, wakakaa kwetu wakala. Hizo ng'ombe zilikuwa za nini? Za ujirani? Kama ni za ujirani niambie leo, turudishe."

"Hapana, mzee," nikasema. Mjomba sikuthubutu tena.

"Baba yako alinijua. Alikuwa anapiga simu Krismasi. Wewe umeandika hapa mjane ni mmoja." Alivua miwani. "Leo ni bunduki. Kesho mtaenda kortini na mambo ya shamba, na hakimu ataitisha karatasi, atapata hii, imepigwa muhuri. Dada yangu hana mtoto wa kumsimamia. Cheti hana. Nyumba yake ile itasimama juu ya nini?"

Ningeweza kuandika hapa kwamba jambo hilo sikuwa nimelifikiria, na msomaji angeniamini. Ukweli ni kwamba nililifikiria. Niliposema mmoja kwa chifu, wazo lilipita, dogo, kwamba siku ya kugawa shamba karatasi hii itakuwepo. Sikulikaribisha lakini sikulifukuza pia. Nina ndugu zangu, nao wana watoto wao, na shamba letu ni jembamba. Hilo ndilo linaloniaibisha kuliko neno lenyewe.

"Sasa mzee, unanunua ama hununui?" afisa akauliza kwa upole.

"Bunduki ninataka," akasema mjomba. "Lakini siwezi nunua kwa watu hawanijui."

Afisa alikusanya karatasi zangu, akazigonga mezani zikae sawa, akanirudishia. "Hii ni kiapo, madam," akasema. "Si fomu ya kuazima vitabu. Sijapokea kitu. Nenda ukarekebishe." Bunduki ikabaki kwenye ghala la kituo. Mimi nikatoka na faili yangu ya kijani, na mjomba hakunisindikiza hadi barabarani, jambo ambalo kwao na kwetu ni sawa na kofi.

Sikurudi Awendo. Nilipitiliza hadi nyumbani. Njia nzima nilijitungia hotuba, yenye maneno kama utaratibu na dharura. Nilipofika, sikwenda kwa mama. Nilivuka ua.

Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yake, akimenya viazi vitamu. Sanduku la chuma lilikuwa bado ukutani ndani, tupu, kifuniko wazi. Sasa aliweka humo sukari na majani ya chai, panya wasivifikie. Aliniona, akafurahi, akaniita nyathina, mwanangu, akatafuta kigoda kingine. Nilikataa kukaa. Nilisema yote kwa pumzi moja: barua ya chifu, fomu, neno, kaka yake, ng'ombe. Hotuba yangu yote iliniacha.

Hakuacha kumenya. "Nilisikia," akasema.

"Ulisikia nini?"

"Siku ile kwa wakili. Alisoma Kiswahili. Kiswahili nasikia, nyathina."

Nilikuwa nimesahau. Mtu aliyeishi kwetu kwa Kiswahili kabla hajawa na lugha nyingine ya kuishi nayo, mimi nilikaa pale nikidhani neno litampita kwa kuwa hasomi. Nilimuuliza mbona hakusema, mbona aliweka kidole.

"Ningesema nini?" Alitupa ganda. "Nilijua mmekaa, mkaongea. Nilifikiri ndio vile mnaniita nikiwa siko."

Nililia hapo nikiwa nimesimama, mwanamke mzima mwenye watoto wa sekondari. Hakunibembeleza, na sikustahili kubembelezwa. Alimaliza viazi vyake, akaviweka jikoni, akasema nisiondoke kabla havijaiva. Tulikula pamoja. Nilimtazama kwa jicho la pembeni kuona kama anakula, ili nikiulizwa tena nijue. Alikula nusu ya kiazi.

Kwa mama nilikwenda asubuhi. Nilimwambia lazima sote twende kwa chifu, turekebishe. "Mimi sikukwambia uandike hivyo," akasema. Nikamwambia hukuniambia, mama, lakini ulisema sawa. Alinitazama kwa muda mrefu, macho ya mtu aliyeshikwa. Nilidhani atanifukuza. Aliingia ndani, na alipotoka alikuwa amefunga kile kitambaa cheupe cha kichwani anachofunga Jumapili ya meza ya Bwana.

Chifu mwenyewe alikuwa amerudi, lakini aliendesha jambo kwa taratibu zote, kana kwamba hatujui. Pengine alifanya makusudi. Tulikaa mbele yake wanawake watatu kwenye benchi moja, mimi katikati. Alichukua karatasi mpya. Alimuuliza mama, mama akajibu. Akamgeukia mama mdogo. "Na wewe, mama, ni nani wa marehemu?"

Mama mdogo akanigeukia mimi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, bila kejeli yoyote, kama mtu anayeuliza atie sahihi wapi, "Niseme nani?"

Mama ndiye aliyejibu, kwa Kijaluo, akimtazama chifu usoni. "Huyu ni nyieka," akasema. Ni neno ambalo mke humwitia mke mwenzake, na mke mwenza tu. Nilikuwa nimelisikia likitupwa kwa ugomvi uani maisha yangu yote. Chifu akaandika, wajane wawili.

Barua ya Kuria ikaja, kiapo kikaandikwa upya, wakili akasoma tena kwa Kiswahili, na safari hii nilimtazama mama mdogo, si kalenda. Ilichukua wiki mbili, zile zile nilizotaka kuziokoa. Mjomba alisoma kila neno, akatia sahihi, akachukua bunduki yake. Aliniita mpwa tena, ingawa kwa shida kidogo, akanisindikiza mpaka barabarani. Nasikia wezi wamehama upande ule. Kwa ukoo, mambo yamekwisha, na wakinisifu kwamba najua makaratasi, mimi hunyamaza.

Mama mdogo hunipigia simu kila Jumapili baada ya kanisa. Jina lake limo kwenye simu yangu, naona ni yeye kabla sijapokea, na yeye anajua naliona. Hata hivyo nikisema halo, huanza kwa kujitambulisha. "Ni mimi," husema, "mke wa pili wa marehemu baba yako." Kisha huuliza habari za watoto. Nimemwambia zaidi ya mara moja kwamba hana haja ya kusema hivyo, na yeye hunijibu sawa, na Jumapili inayofuata husema tena, neno kwa neno, kama lilivyoandikwa kwenye kiapo kipya. Zamani alikuwa akisema tu, "Ni mimi."